Mpira wa kifuani na chupa yake: maswali tunayoulizwa kila siku wodini Lamu

Mgonjwa akiwekewa mpira wa kifuani, maswali huja kwa mafungu. Jamaa wanashuka kwenye mashua kutoka Faza au Kizingitini, wanaikuta chupa chini ya kitanda ina maji mekundu, na hofu inawashika. Wauguzi wapya nao wana maswali yao, mengine wanaona haya kuyauliza mbele ya daktari. Nimeyakusanya hapa yote, ya jamaa na ya wauguzi, bila kuyatenga. Miaka ya kukesha na wagonjwa hawa imenionyesha kwamba anayetazamwa na macho mengi yanayoijua chupa ile hupona salama kuliko anayetazamwa na muuguzi peke yake.

Mpira huu ni wa kazi gani?

Pafu halikugandishwa kwenye mbavu. Kati yake na ukuta wa kifua kuna tando mbili nyororo zinazoteleza moja juu ya nyingine, zimelowa majimaji kidogo tu, vijiko vichache. Katikati ya tando hizo hakuna hewa, na mvuto wa pale ndani ndio unaolifanya pafu likae limetanuka. Ikiingia hewa, au damu, au maji, au usaha, mvuto ule hupotea na pafu linanywea kama puto lililofunguliwa mdomo. Mgonjwa anahema juu juu. Mpira hupitishwa kati ya ubavu na ubavu, upande wa kwapa, ili kilichoingia kitoke na pafu lirudi mahali pake.

Wengi huuliza kama mpira umeingizwa ndani ya pafu lenyewe. Hapana. Unakaa nje ya pafu, katika ile nafasi ya tando mbili.

Kwa nini umewekwa kwapani, si mbele au mgongoni?

Pale nyama ni chache, na viungo vikubwa kama moyo, ini na bandama viko mbali kidogo. Daktari huhesabu mpaka nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kisha hupita juu ya ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Kabla ya hapo hudungwa ganzi. Mgonjwa wa ajali huwekewa mpira mnene, kwa sababu damu huganda na kuziba mpira mwembamba. Wa hewa peke yake au maji mepesi anaweza kutosheka na mwembamba.

Ni magonjwa gani yanayomfikisha mtu hapa?

Huku kwetu naona sana wa kuanguka: mgema ametereza mnazini, fundi ameanguka darini. Naona wa bodaboda kutoka upande wa bara, njia ya Hindi na Mpeketoni. Naona waliopigwa teke na punda, kwa kuwa mji wa Amu, yaani Lamu, mizigo yake yote iko mgongoni mwa punda na vichochoro ni vyembamba. Ubavu ukivunjika, ncha yake hutoboa pafu.

Kuna wasioumia popote. Kifua kikuu hujaza maji kifuani, na nimonia isiyotibiwa vizuri huacha usaha, hasa kwa watoto. Saratani pia hujaza maji. Na kuna kijana mrefu, mwembamba, mara nyingi mvutaji sigara, ambaye pafu lake hupasuka tu akiwa amekaa barazani. Yeye hushangaa kuliko wote.

Mbona chupa ina maji? Ni dawa?

Si dawa. Ni mlango. Chukua glasi ya maji na mrija wa kunywea soda, utumbukize mrija, upulize: mapovu yatatoka. Sasa jaribu kuvuta hewa kupitia mrija huohuo: hupati hewa, unapata maji yanayopanda. Chupa inafanya hivyohivyo. Ncha ya mrija imezama kiasi cha sentimita 2 ndani ya maji safi yasiyo na vijidudu. Hewa ya kifuani inatoka kwa mapovu, ya nje haiwezi kuingia. Na kwa kuwa chupa iko chini, maji hayawezi kupanda yakafika kifuani.

Daktari Mjerumani Gotthard Bülau, wa Hamburg, aliieleza njia hii mwaka 1891, naye alikuwa akitibu usaha wa kifuani. Mpaka leo hata vile visanduku vya plastiki vyenye vyumba vitatu vinavyotumika hospitali kubwa vinafuata jambo lilelile. Kwa hiyo usimwonee huruma mgonjwa wako kwa kuwa amepewa chupa ya kawaida. Chupa moja inayotazamwa vizuri inaokoa.

Maji ndani ya mrija yanapanda na kushuka. Kuna hatari?

Hiyo ni habari njema. Mgonjwa akivuta pumzi maji hupanda, akitoa hushuka. Maana yake njia iko wazi kutoka kifuani hadi chupani. Kwa anayepumulia mashine mambo hugeuka, maji hushuka pumzi inapoingia.

Yakisimama kabisa, kuna mawili: ama pafu limejaa na kuziba tundu za mpira, na hilo ndilo tunaloliomba, ama mpira umekunjika au umezibwa na damu iliyoganda. Utajuaje? Mtazame mgonjwa kwanza. Akiwa ametulia, anaongea bila kukatika pumzi, na ni siku ya nne au ya tano, huenda pafu limejaa, na eksirei itathibitisha. Akiwa anahangaika, fuata mpira kwa mkono wako kuanzia kifuani mpaka chupani. Mara nyingi utakuta ameulalia, au umebanwa na chuma cha kitanda. Mwambie avute pumzi ndefu kisha akohoe, utazame maji tena.

Na mapovu?

Mapovu akikohoa au akitoa pumzi ni hewa inayotoka kifuani. Siku za mwanzo huwa mengi, kisha hupungua. Mapovu yasiyokatika usiku na mchana, wala hayafuati pumzi, yana maana hewa inaingia mahali: kiungo cha mpira kimelegea, au mpira umetoka kidogo na tundu lake moja liko nje ya ngozi, au pafu lenyewe lina tobo kubwa. Muuguzi, angalia viungo vyote na ufunue kidonda. Ukikuta kila kitu kimekaza, mwite daktari.

Je, mpira ubanwe mgonjwa anapopelekwa eksirei au chooni?

Usibanwe. Nalisema hili kwa uzito wangu wote, na ningekuwa na nafasi ya kufunza jambo moja tu kuhusu mipira hii, ningefunza hili.

Zamani, katika hospitali niliyokuwa mgeni kazini, kijana aliyepasuka pafu alipelekwa eksirei. Mtu aliyesukuma kitanda aliogopa maji yasimwagike, akaomba mpira ubanwe, ukabanwa kwa koleo mbili. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudishwa nilimkuta ameketi ameinama, mikono imeshika kingo za kitanda, mishipa ya shingo imevimba kama kamba, jasho linamtiririka, hawezi kutaja hata jina lake. Upande mmoja wa kifua ulikuwa hausogei. Hewa ilikuwa inaingia kupitia tobo la pafu kila pumzi na haina pa kutokea, inalisukuma pafu na moyo upande wa pili. Nilizifungua zile koleo. Chupa ilichemka kama sufuria ya chai. Haukupita muda akainua kichwa, akasema, "Sista, maji." Ningekawia, angekufa na mpira wake kifuani.

Mpira unaotoa mapovu haubanwi kabisa. Safari ya chooni, ya eksirei, ya wodi nyingine, chupa inabebwa imesimama, chini ya kiuno, mpira uko wazi. Kubana kunaruhusiwa kwa muda mfupi sana wakati wa kubadilisha chupa, au kwa amri ya daktari kwa sababu maalumu, kama kupunguza kasi ya maji mengi. Aliyekatwa pafu zima ana utaratibu wake, na huo hufuatwa kama daktari wa upasuaji alivyouandika. Na kila mpira uliobanwa uwe na mtu anayeutazama, asiondoke pale.

Chupa ikae wapi?

Sakafuni, imesimama, chini ya kifua cha mgonjwa, ndani ya kibebeo chake au imefungwa isipinduke. Isiinuliwe juu ya kifua hata kwa nukta moja. Ikiinuliwa, maji na damu ile hurudi ndani.

Wanaoinua si watu wabaya. Mara ni shangazi mwenye upendo, anaiweka kitandani "isije ikapigwa teke." Mara ni anayepiga deki. Wakati wa Maulidi, mji unapojaa wageni na kila mtu ana jamaa wa kumzuru, mimi huzungusha plasta nyeupe juu ya chupa na kuandika kwa kalamu nzito: USIINUE. USIBANE. Wanasoma, wanaitii. Ikipinduka, isimamishe mara moja, hakikisha ncha imezama tena, mwambie mgonjwa akohoe mara mbili tatu, kisha mpime.

Kile kitundu kilicho juu ya chupa, kizibwe kwa usafi?

Kisizibwe. Hewa inayofika chupani inatokea hapo. Niliwahi kukuta kimewekewa plasta kwa nia njema kabisa. Ni sawasawa na kubana mpira, tena ni vibaya zaidi kwa sababu hakionekani kwa mbali. Ikiwa kimeungwa na pampu ya kufyonza, pampu ikizimwa, au umeme ukikatika, vua ule mpira wa pampu ili kitundu kibaki wazi.

Tunapimaje kilichotoka?

Hili ni la wauguzi, nami naliona likikosewa kila mwezi. Chupa haianzi tupu. Ukiweka maji mililita 500 mwanzoni na sasa alama inasoma 820, kilichotoka ni 320, si 820. Andika kiasi cha maji ya mwanzo juu ya chupa, na tarehe na saa. Kila zamu weka ukanda mwembamba wa plasta penye usawa wa maji, andika saa. Usipime umesimama: chuchumaa, macho yawe sawa na maji.

Andika na rangi yake. Wekundu wa damu mbichi, wekundu uliopauka, manjano kama chai ya rangi, weupe kama maziwa, usaha mzito wenye harufu. Na ueleze kama maji yanapanda na kushuka, na kama kuna mapovu. Neno "mpira unafanya kazi" peke yake kwenye faili halimsaidii anayekuja usiku.

Chupa ikijaa kiasi cha robo tatu ibadilishwe, maana maji yakiongezeka ncha inazama zaidi na hewa inapata taabu kutoka. Andaa mpya kwanza, ikiwa na maji yake, ndipo ubane, uhamishe, ufungue. Osha mikono, vaa glavu, na usiguse ncha.

Mgonjwa atazamwe kila baada ya muda gani?

Saa ya kwanza baada ya kuwekwa, kila dakika 15. Akitulia, kila saa kwa saa kadhaa, kisha kila saa 4. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, mshipa, presha, joto, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na umuulize maumivu. Halafu tazama kifua: pande zote mbili zinainuka sawa?

Weka vidole kuzunguka mpira na ubonyeze polepole. Ukisikia kitu kinachakarika chini ya ngozi, kama mchele mkavu ndani ya kitambaa, hiyo ni hewa imepenya chini ya ngozi. Kidogo si ajabu. Weka alama ya kalamu mpaka inapoishia. Ikivuka alama, ikapanda shingoni au usoni, au sauti ya mgonjwa ikabadilika, mwite daktari hapohapo.

Ya kuitia msaada bila kungoja zamu: damu ya lita 1 na nusu kwa mkupuo baada ya mpira kuwekwa, au mililita 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne mfululizo, kwani huyo huenda akahitaji kufunguliwa kifua; oksijeni inayoshuka chini ya asilimia 92 kwa mtu aliyekuwa juu, pumzi zinazoongezeka, kutokwa kulikokoma ghafla kwa mtu aliyekuwa akitoa damu.

Kama maji ni mengi, kwa nini msiyatoe yote leo?

Pafu lililonywea siku nyingi likitanuliwa ghafla hujaa maji ndani yake lenyewe. Mgonjwa huanza kukohoa bila kukoma, kifua kinauma, pumzi inakuwa fupi kuliko alivyokuja. Kwa hiyo mtu mzima hatoi zaidi ya lita 1 na nusu katika saa ya kwanza, na akianza kukohoa tunasimama hata kabla. Hapa ndipo pale nilipotaja kubana kwa amri. Kwa mtoto hesabu ni ya uzito wake: mililita 10 kwa kila kilo, kisha mapumziko ya saa moja.

Mpira ukichomoka, au ukiachana na chupa?

Jamaa: piga kelele umwite muuguzi, huna jingine kubwa la kufanya, ila ukiona tundu la kifua liko wazi, lizibe kwa kitambaa safi na mkono wako.

Muuguzi: ukiachana, tumbukiza ncha ya mpira ndani ya maji safi yasiyo na vijidudu, mwambie mgonjwa akohoe, safisha, unganisha na chupa mpya. Ukichomoka kifuani, ziba tundu kwa shashi na mkono ulio na glavu, kisha bandika plasta pande tatu, wa nne uuache, ili hewa ikitaka kutoka ipate njia. Mpe oksijeni, mketishe, mwite daktari. Usiurudishe ndani mpira uliotoka, kamwe. Umeshashika vijidudu.

Vitu hivi viwekwe karibu na kitanda tangu siku ya kwanza: koleo mbili, chupa ya akiba, maji safi, shashi, plasta.

Wakongwe walitufunza kukamua mpira. Tuendelee?

La. Kukamua kuanzia juu hadi chini kunaleta mvuto mkali sana kifuani, unaweza kujeruhi pafu. Ukiona damu imeganda mpirani, nyoosha mpira, badilisha mlalo wa mgonjwa, mwite daktari.

Anaumwa sana. Tumwache alale tu asisogee?

Maumivu yanatibiwa, hayavumiliwi. Mtu mwenye maumivu hapumui kwa kina, hakohoi, makohozi yanabaki, na nimonia inamfuata. Apewe dawa kwa saa zake bila kungoja alie, na ikiwa panadoli haitoshi, iko morfini, na wauguzi tusiiogope kwa mtu aliyevunjika mbavu.

Akishapata dawa, nusu saa baadaye ndipo kazi. Aketi, mgongo umeegemezwa. Kila saa aliyo macho avute pumzi ndefu mara kumi, aishikilie kidogo, aitoe polepole, kisha akohoe huku amekumbatia mto upande wenye mpira. Mkono wa upande huo auinue juu ya kichwa mara kadhaa kwa siku. Wasiofanya hivyo bega huganda. Na atembee wodini, chupa mkononi chini ya goti, kijana wake pembeni. Mzee mmoja alikataa kutembea mpaka mjukuu wake wa miaka saba alipojitolea "kumshikia taa yake," ndivyo alivyoiita chupa. Tulimfunza yule mtoto kuishika ikiwa imesimama, nami nikiwa nyuma yao, wakazunguka wodi yote.

Anaweza kuswali? Na wudhu, na Saumu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu zuri. Kwa upande wa uuguzi, shida ni kusujudu chini. Kifua kikishuka karibu na sakafu, kinakuwa usawa mmoja na chupa au chini yake, na kilichotoka kinaweza kurudi. Mpira nao hukunjika tumboni. Aswali ameketi juu ya kitanda au kiti, ainamishe kichwa kidogo, chupa ibaki sakafuni. Asiubane mpira wala asiufungue kwa ajili ya swala.

Wudhu usiloweshe kitambaa cha kidonda. Miguu, mikono na uso havina tatizo, jamaa amsaidie. Kuhusu ile damu iliyo chupani na twahara, na kama atayamamu, mwiteni mwalimu au imamu mnayemwamini aje kitandani. Nimeona mgonjwa akipona roho kwanza baada ya kuambiwa swala yake iko salama. Saumu mgonjwa ameruhusiwa kuiacha, atalipa akipona, naye anahitaji maji na dawa za mchana.

Tumchue kwa mafuta ya nazi? Tumpige chuku ya kuumika?

Mkono na mguu mchueni, atafurahi. Kifua na mgongo wa upande huo msiguse, wala chuku isipigwe mpira ukiwemo. Ubavu uliovunjika ukikandwa unaweza kutoboa tena. Na mafuta yakifika kwenye plasta, plasta hutoka, na mpira ukafuata.

Ale nini?

Usaha na maji yale hutoka na protini nyingi ya mwili. Samaki, mayai, mbaazi za nazi, kunde, maziwa, kidogo kidogo mara nyingi. Supu ya pweza ikipikwa vizuri haina ubaya. Maji anywe ya kutosha ili makohozi yalainike.

Imeamuliwa apelekwe Mombasa. Atavukaje na chupa?

Kabla ya kutoka, hakikisha viungo vyote vimefungwa kwa plasta, mpira umeshikizwa kwenye ngozi mara mbili ili ukivutwa usivute mshono, na maji ya chupani yanatosha. Chukua vile vitu vyote vya akiba. Pale penye mfuko wenye vali ya kupitisha hewa upande mmoja, safari inakuwa nyepesi, kwa sababu haumwagiki.

Kazi iko ngazini. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za gati huwa ndefu na zina utelezi, na mgonjwa anashushwa juu ya machela. Anayebeba chupa atangulie, awe chini ya mgonjwa kila ngazi. Mkifika Mokowe, gati la upande wa bara, mnapanda, basi mbebaji awe nyuma. Tumekaa siku moja tukalifanyia mazoezi hili na vijana wa mashua, kwa chupa ya maji ya rangi, na sasa wao ndio wanaowakumbusha wauguzi wapya.

Ndani ya mashua chupa ikae sakafuni kati ya miguu ya muuguzi, ameibana kwa magoti, macho kwenye maji. Mgonjwa aketi ikiwa hali yake yaruhusu. Kwenye ambalansi, chupa ining'inie au isimame chini ya usawa wa machela, si kati ya mapaja ya mgonjwa aliyelala. Mpira haubanwi baharini wala barabarani.

Utatolewa lini, na ni uchungu?

Unatolewa pafu likijaa kwenye eksirei, mapovu yakikoma, na kinachotoka kikipungua, wengi wakingoja kiwe chini ya mililita 200 kwa siku nzima, wengine 100. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Mfunze na mjaribu pamoja: avute pumzi, aishike na kukaza kama anayejisaidia. Akiwa amekaza hivyo, mmoja anauvuta mpira kwa mkupuo mmoja na mwenzake anafunga uzi uliowekwa tangu mwanzo. Wengi husema ni kuungua kwa sekunde chache. Kisha kitambaa kisichopitisha hewa, eksirei, na kutazamwa kama siku ya kwanza. Uzi hutolewa baada ya wiki moja hivi.

Nyumbani tuangalie nini?

Pumzi kukatika, maumivu makali mapya, homa, usaha au harufu kidondani, uvimbe unaochakarika: rudini siku hiyohiyo, msingoje kupambazuke. Aliyekuwa na kifua kikuu dawa zake ni miezi sita bila kuruka hata siku moja, zinatolewa bure katika vituo vya serikali, na walioishi naye wapimwe. Maji kukauka kifuani si kupona kifua kikuu. Sigara iachwe moja kwa moja, na bangi pia.

Apande ndege pale Manda? Arudi kupiga mbizi?

Ndege, asubiri. Angani hewa hutanuka, na mabaki ya hewa kifuani hutanuka nayo. Wiki moja tangu eksirei ioneshe pafu limejaa kabisa, na aliyeumia kwa ajali wiki mbili.

Kupiga mbizi ni jambo zito zaidi, nami hulizungumza nikiwa nimeketi, kwa kuwa anayeuliza kwa kawaida ni mtu wa kamba na jongoo bahari, na familia nzima inakula kwa pumzi yake. Mita 10 chini ya maji uzito unaolikandamiza pafu ni mara mbili ya ule wa juu. Anayetumia mtungi, akipanda, hewa iliyonaswa mahali pabovu hutanuka na kulipasua, tena yuko mbali na chupa na mbali na daktari. Aliyepasuka pafu bila kuumia, ushauri ni kuacha mbizi moja kwa moja, isipokuwa amefanyiwa upasuaji wa pande zote mbili na daktari wa mapafu akamruhusu. Aliyeumia kwa ajali akapona kabisa, naye aende kwanza akapimwe na daktari huyo. Ninamwita mkewe, au kaka yake mwenye chombo, tuyaseme haya mbele yao, kisha tunahesabu pamoja kazi nyingine za bahari anazozijua: mshipi, nyavu, malema, kushika usukani. Mara ya kwanza huwa hasemi kitu. Anaitazama chupa.